Stata inalia tak-tak, plagi haitoi moto, fundi anataka ninunue CDI. Nianze kupima wapi?

MwanaBandari (Mikindani)

Wakuu habari za jioni. Nina pikipiki ya Kihindi ya cc 150, ina stata na kiki, betri yake ni 12V 9Ah. Inalala uani na nyumba iko karibu kabisa na bahari. Tangu mvua ya juzi haiwaki.

Hali iko hivi. Nikifungua funguo, taa ya nyutro inawaka vizuri. Nikibonyeza stata, chini ya siti panalia tak-tak-tak ya haraka haraka, taa ya nyutro inafifia mpaka inakata, na injini haigeuki hata kidogo. Nikiachia kitufe taa inarudi. Nikipiga kiki injini inazunguka laini lakini haishiki. Nimefungua plagi, nikaivalisha kofia yake na kuigusisha kwenye injini, nikapiga kiki: hakuna cheche. Petroli inafika kwenye kabureta, fyuzi ni nzima, betri ni mpya.

Fundi wa hapa jirani ameangalia kwa macho tu, akasema CDI (kile kisanduku cha kielektroniki kinachopeleka moto kwenye koili ya plagi) imekufa, na kama si CDI basi koili, na kama si koili basi betri niliyouziwa ni mbovu. Kuvinunua vyote vitatu ni hela ya maana. Nina multimita ya kidijitali ya bei ya chini. Naomba mnielekeze nipime nini na kwa mpangilio gani.

FundiUmeme (Masasi)

Usinunue kitu kwanza. Hizo dalili mbili zinaweza kuwa na chanzo kimoja au viwili tofauti, na CDI ni ya mwisho kushukiwa. CDI hufa, sikatai, lakini ikifa haifanyi stata ilie tak-tak. Stata inazunguka hata ukiing'oa CDI ukaiweka mezani. Kwa hiyo tuanze na stata, maana ndiyo inayokula umeme mwingi kuliko kitu chochote kwenye pikipiki, na ubovu wa njia ya umeme hujitokeza hapo kwanza.

Huo mlio ni rilei ya stata. Ukibonyeza kitufe, rilei inavuta na kufungulia mkondo mkubwa kwenda kwenye mota. Mota ikidai ampea zake na umeme ukakosa pa kupita, volti zinaporomoka, rilei inakosa nguvu ya kushikilia, inaachia. Ikiachia, mzigo umeondoka, volti zinapanda, inavuta tena. Hapo sababu ni tatu tu: betri haina chaji, betri ina volti lakini ndani imechoka, au njia ya umeme mkubwa imeliwa na kutu. Njia hiyo ni waya nene nyekundu kutoka betri hadi rilei na mota, pamoja na waya nene nyeusi kutoka betri hadi kwenye injini au fremu, na bolti zake zote.

Weka mita kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Pikipiki iwe imezimwa angalau nusu saa. Gusisha ncha kwenye vichwa vyenyewe vya betri, yaani kwenye risasi, usiguse bolti wala waya. Betri iliyojaa inasoma 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.4 ina kama robo tatu. Ikisoma 12.0 imebaki kama robo, ichaji kwanza kwa mkondo mdogo, sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake, yaani ampea 0.9 kwa betri yako ya 9Ah. Usiipeleke kwa wachaji betri za magari wakaifunga pamoja na betri za malori, itachemka.

Halafu acha ncha palepale na ubonyeze stata. Hiki ndicho kipimo chenyewe. Zikishuka chini ya 9.5 hivi, betri ndiyo mgonjwa. Lakini zikibaki juu, mathalani 12 na kitu, na stata bado inalia tak-tak, betri iko salama na umeme unakwama njiani. Watu wengi hapa ndipo wanapotupa betri nzima.

Kipimo cha tatu ni cha ethi, yaani njia ya umeme kurudi kichwa hasi cha betri kupitia chuma cha injini na fremu. Ncha nyeusi kwenye kichwa hasi cha betri, ncha nyekundu kwenye chuma kitupu cha injini, palipokwanguliwa rangi. Bonyeza stata. Pakiwa pazuri mita isome chini ya 0.3. Ikisoma volti 1, 2 au zaidi, volti hizo zinapotelea kwenye waya nyeusi au kwenye bolti yake. Fanya vilevile upande wa chanya: ncha moja kichwa chanya cha betri, nyingine kwenye bolti ya waya iliyoingia mota ya stata.

Usipime waya hizi kwa omu. Kiungo chenye ukinzani wa omu 0.05 mita yako itakionyesha kama kizima, lakini mota ikivuta ampea 50 hapo zinapotea volti 2.5, na stata inalala. Ukinzani mdogo namna hiyo unaonekana tu mzigo ukiwa unapita.

Tuletee namba hizo.

Chapakazi (Newala)

Mkuu mbona mnamsumbua mtu na mahesabu. Azime CDI ya mwenzake ajaribu, dakika tano jibu limepatikana. Na fyuzi hizi za siku hizi ni nyepesi, azungushie karatasi ya sigara ile ya kung'aa, umeme upite vizuri.

FundiUmeme (Masasi)

Hapana mkuu Chapakazi, hiyo ya karatasi usimpe mtu. Fyuzi ya ampea 10 au 15 imewekwa ili ikatike yenyewe kabla waya haijaungua. Ukiweka karatasi ya kung'aa, siku waya ikichunika kwenye shingo ya usukani ikagusa fremu, kitakachokatika ni kifungu kizima cha nyaya, na kinapita chini ya tangi la petroli. Fyuzi ikikatika mara mbili mfululizo, pana waya inayogusa mahali. Tafuta inapogusa, kisha weka fyuzi ya ampea zilezile zilizoandikwa kwenye kisanduku chake.

Kuazima CDI ni kipimo halali, ila kwa masharti. Iwe ya pikipiki ya aina ileile, na umeme unaoingia kwenye soketi uwe umepimwa kwanza. Ukichomeka CDI nzima kwenye soketi yenye hitilafu unaweza kumrudishia mwenzako maiti.

MwanaBandari (Mikindani)

Asante fundi. Nimepima. Betri ikiwa imepumzika inasoma 12.6. Nikibonyeza stata, kwenye vichwa vya betri inabaki 12.2, haishuki. Kati ya kichwa hasi na injini nikibonyeza, namba haitulii, inaruka kati ya 6 na 10. Upande wa chanya inaruka pia lakini haifiki 0.2.

FundiUmeme (Masasi)

Umeshampata mmoja. Betri nzima, upande wa chanya mzima, ethi imekufa. Kutoka kichwa hasi mpaka injini unapoteza karibu umeme wote, na namba inarukaruka kwa sababu rilei inavuta na kuachia.

Hakikisha kabla hujafungua chochote. Chukua waya nene ya kuwashia magari, ile yenye koleo, funga upande mmoja kwenye kichwa hasi cha betri na mwingine kwenye chuma cha injini, mbali na kabureta. Nyutro, bonyeza stata. Injini ikizunguka kwa nguvu, kesi ya stata imekwisha.

Sasa fuata waya nyeusi kutoka betri mpaka inapofungwa. Mara nyingi ni kwenye bolti ya injini nyuma ya silinda au kwenye fremu karibu na kisanduku cha betri, pahali ambapo maji ya tairi la nyuma yanarukia. Toa kichwa hasi kwanza, kisha chanya. Ukianza na chanya, spana ikigusa fremu unapata cheche kubwa mkononi. Fungua hiyo bolti utazame kile kipete cha waya. Kwa nyumba za pwani, kuanzia Msimbati mpaka Kilwa, utakuta unga wa kijani au mweupe umejaa kati ya kipete na fremu, na wakati mwingine rangi ya fremu haijakwanguliwa tangu kiwandani, umeme unapita kwenye nyuzi za bolti peke yake. Bolti ikishika kutu, njia imefungwa.

Piga msasa mkavu mpaka chuma king'ae pande zote mbili, na uso wa kipete vilevile. Kunja waya taratibu karibu na kipete: ikiwa ngumu kama kijiti na ukichuna kidogo unaona shaba imekuwa nyeusi au kijani, kutu imepanda ndani ya mpira na kusafisha nje hakusaidii. Badilisha waya nzima, ya milimita za mraba 6 au zaidi, kipete kibanwe kwa koleo lake au kilehemiwe kwa risasi. Kukunja waya kuzunguka bolti bila kipete utarudi hapa hapa mvua nyingine. Ukishakaza, ndipo upake vaselini au grisi juu kuzuia hewa ya chumvi. Iende juu ya kiungo kilichokwisha kukazwa.

Ukimaliza jaribu cheche tena. Inaweza kuwa imerudi, kwa sababu CDI nayo inategemea ethi hiyohiyo.

MwanaBandari (Mikindani)

Fundi, kwa waya ya koleo stata imezunguka kama mpya. Nimefungua bolti: kipete kina unga wa kijani na chini yake rangi nyeusi ya fremu ilikuwa haijaguswa kabisa. Nimekwangua, nimeweka waya mpya. Stata sasa safi. Ila cheche bado hakuna, kwa stata wala kwa kiki.

FundiUmeme (Masasi)

Vizuri, sasa tunamfuata wa pili. Pikipiki yako, kwa nilivyozoea hizo za Kihindi zenye stata, inatumia CDI ya DC, yaani inakula umeme wa betri kupitia funguo. Ndiyo maana betri ikifa kabisa hata ukiisukuma kwenye mteremko wa Makonde mpaka chini haiwaki.

CDI ya namna hii inahitaji vitu vinne: volti kutoka kwenye funguo, ethi, ishara ya koili ndogo ya pikapu (inayoiambia CDI wakati wa kutoa moto) iliyo karibu na magineti, yaani gurudumu la sumaku linalozungushwa na injini, na koili kubwa ya plagi ya kupelekea moto. Anza na volti.

Usichomoe soketi ya CDI. Hili nalisisitiza kwa sababu ndipo wengi wanapodanganyika. Waya ikibakiwa na uzi mmoja wa shaba, au kigusio kikiwa na kutu, mita kwenye soketi iliyochomolewa itasoma 12.5 safi, kwa kuwa mita haivuti mkondo. Chomeka CDI, volti hizo zinaanguka. Kwa hiyo soketi ibaki imechomekwa, na wewe pitisha ncha ya mita kwa nyuma, pembeni ya waya, mpaka iguse chuma. Pini ya kushonea nguo inasaidia pale ncha ya mita isipoingia. Ncha nyeusi iwe kwenye kichwa hasi cha betri.

Funguo wazi, swichi ya kuzimia iko upande wa kuwasha. Waya inayoleta umeme kwenye CDI isome pungufu ya betri kwa nusu volti hivi, isizidi. Kisha piga stata huku unatazama. Betri yenyewe itashuka kidogo, labda 10.5 au 11, na CDI ishuke nayo sambamba. Ikisoma 7 au 8 na betri iko 12, usiende popote kwenye CDI. Rudi nyuma kituo kwa kituo: CDI, soketi ya chini ya tangi, swichi ya kuzimia kwenye mkono wa kulia, swichi ya funguo, fyuzi, betri. Palipo na volti nzuri upande wa kuingia na mbaya upande wa kutoka, hapo ndipo penye ugonjwa.

Tahadhari moja ya cheche. Usipige stata huku kofia ya plagi ikining'inia bila plagi. Moto ukikosa pa kurukia unatafuta njia ndani ya koili au ndani ya CDI yenyewe, na unaua kitu kilichokuwa kizima. Chuma cha plagi kiguse injini muda wote, na tundu la plagi lizibe kwa kitambaa, maana mvuke wa petroli unatoka pale.

Kijana wa Korosho (Tandahimba)

Shikamoo Fundi. Samahani kwa kuingilia uzi wa mtu. Ya kwangu ni ya Kichina, cc 125, kiki tupu, betri ilishatolewa zamani na ilikuwa inawaka bila betri. Sasa haitoi moto kabisa. Vipimo hivi vinanihusu?

FundiUmeme (Masasi)

Marahaba kijana. Kwako ni tofauti kabisa, hiyo ni CDI ya AC. Haihitaji betri, inakula umeme wa koili maalumu iliyo ndani ya magineti, ambao ukipiga kiki unapanda mpaka makumi ya volti na injini ikiwaka unapita mia. Usiguse waya hiyo kwa mkono injini ikizunguka.

Zima, tafuta soketi ya CDI. Kwa nyingi za Kichina zinazofuata mpangilio wa Honda, rangi ni hizi: nyeusi yenye mstari mwekundu ni umeme kutoka magineti, bluu yenye mstari mweupe ni pikapu, kijani ni ethi, nyeusi yenye mstari wa njano inakwenda kwenye koili ya plagi, na nyeusi yenye mstari mweupe ni ya kuzimia. Zikiwa zimeshaungwa na mafundi wengi, rangi usiziamini, fuata waya yenyewe kwa mkono.

Kitu cha kwanza kufanya ni bure. Chomoa ile ya nyeusi yenye mstari mweupe peke yake, kisha piga kiki. Kwa CDI ya AC, injini inazimwa kwa kuigusisha waya hiyo kwenye ethi, kinyume cha ya DC ambayo inazimwa kwa kukatiwa umeme. Swichi ya funguo ikiingia maji au waya ikichunika, inajizima yenyewe saa zote. Moto ukirudi, tatizo ni swichi au waya yake. Ila kumbuka kuwa ikiwaka hivyo funguo haitaizima, utaizima kwa kuweka gia ya juu, kushika breki na kuachia klachi.

Moto usiporudi, pima omu, soketi ikiwa imechomolewa. Kati ya nyeusi-nyekundu na ethi, koili nyingi husoma kati ya 150 na 500. Pikapu, kati ya bluu-nyeupe na ethi, husoma 100 hadi 250 hivi. Ikisoma 1 ya kushoto, yaani hakuna njia, waya imekatika. Ikisoma sifuri, imegusana. Kisha geuza mita kwenye volti za AC, piga kiki kwa nguvu: nyeusi-nyekundu itoe volti 40 au zaidi, pikapu itoe hata nusu volti. Pikapu ikitoa kidogo mno fungua kifuniko cha magineti utazame nafasi kati yake na kile kinundu cha gurudumu. Milimita 0.5 inatosha. Vumbi jekundu la huko juu likichanganyika na mafuta ya injini yanayovuja huganda hapo, na vipande vidogo vya chuma hung'ang'ania kwenye sumaku.

Usirudishe betri mpya kabla hujapima regulata, yaani kifaa kinachozuia volti za chaji zisipande mno. Waliotoa betri wakaendelea kutembea, mara nyingi regulata ilishapigwa.

Dada Spea (Lindi)

Naongeza la upande wa dukani, kwa sababu CDI ndiyo spea inayorudishwa sana na hairudishiki, ikishachomekwa imechomekwa.

Ndugu zangu, CDI ya AC na ya DC zinaweza kuwa na kasha lilelile na soketi yenye matundu yaleyale. Ukiweka ya DC kwenye pikipiki ya AC inapokea volti zaidi ya mia mahali ilipotegemea 12, inakufa papo hapo. Ukiweka ya AC kwenye ya DC haiungui, ila haitoi moto, nawe unarudi dukani ukisema nimekuuzia mbovu. Njoo na CDI yako ya zamani mkononi, na namba iliyoandikwa mgongoni mwake. Kusema tu "naomba CDI ya cc 150" hakutoshi.

Koili ya plagi unaweza kuipima hapohapo kaunta kabla ya kulipa. Upande wa waya ndogo, kati ya kigusio na chuma chake, husoma chini ya omu moja au karibu na moja. Kutoka kwenye chuma hicho hadi kwenye waya nene, bila kofia, husoma kilo-omu chache, kati ya 3 na 10. Kofia ya plagi peke yake husoma karibu kilo-omu 5, na kofia ndiyo hufa kwanza kuliko koili. Izungushe tu, inatoka kama skrubu. Ndani ukikuta kijani kwenye ncha ya waya, kata nusu sentimita ya waya mpaka uone shaba safi, irudishe. Hiyo haina gharama yoyote.

Na plagi, nafasi ya ncha zake iwe milimita 0.6 hadi 0.7. Plagi iliyoloa petroli isichomwe kwenye jiko la mkaa, kauri inapasuka nyufa usizoziona na moto unapitia pembeni.

MwanaBandari (Mikindani)

Wakuu, majibu. Kwenye CDI, soketi ikiwa imechomekwa na funguo wazi, inasoma 7.6. Nikipiga stata inashuka mpaka 6. Betri wakati huo 12.5, na 10.8 nikipiga stata. Nimerudi nyuma kama ulivyosema. Soketi ya chini ya tangi 7.6. Kwenye swichi ya kuzimia, waya inayoingia 12.3, inayotoka 7.6. Nikiichezesha swichi kwa kidole, namba inapanda mpaka 11 na kuanguka tena.

FundiUmeme (Masasi)

Basi umeshika mwizi mwenyewe. CDI yako haijafanya kosa lolote.

Toa kichwa hasi cha betri, fungua skrubu mbili za kile kisanduku cha swichi kwenye mkono wa kulia. Fungua juu ya kitambaa cheupe, kwa sababu ndani mna kipira cha chuma na springi ndogo kama punje ya mtama, vinaruka. Utaona vibati viwili vya shaba na kimoja kinachotembea juu yake. Vikiwa vyeusi au kijani, safisha kwa dawa ya kopo ya kusafishia vigusio vya umeme na mswaki mkavu. Msasa hapa usiutumie, vibati vimepakwa utando mwembamba na ukiukwangua vitaliwa upya ndani ya masika moja. Kifutio cha penseli kinatosha. Usioshe kwa petroli, inalegeza plastiki. Ukimaliza paka vaselini kidogo sana, na kabla hujafunga tazama tundu ambalo nyaya zinaingilia: maji ya mvua yanateremka na waya ya breki mpaka humo ndani. Zungusha kifungu cha nyaya kiwe na tumbo linaloshuka chini ya kisanduku kabla hakijapanda kuingia, maji yadondokee hapo kwenye tumbo.

Ukishafunga pima tena kwenye CDI. Tofauti na betri isizidi nusu volti.

Chapakazi (Newala)

Fundi nimekuelewa, ile ya karatasi nimeitoa. Swali: hivi bodaboda wanaoosha pikipiki kwa mashine ya presha kila jioni, si ndio wanaingiza maji humo?

FundiUmeme (Masasi)

Ndio, kabisa. Presha inasukuma maji ndani ya soketi ambazo mvua peke yake haiwezi kuzifikia, hasa zile zilizo nyuma ya taa ya mbele na chini ya tangi. Kwa pikipiki za pwani kuosha ni lazima, chumvi isikae, lakini tumia ndoo na kitambaa, na maji yawe ya bomba au ya kisima kisicho na chumvi. Mashine ya presha iishie kwenye rimu, matairi na chini ya injini.

MwanaBandari (Mikindani)

Imewaka! Vibati vilikuwa vyeusi kama masizi na kimoja kina kijani. Baada ya kusafisha CDI inapata 12.2. Cheche ya bluu, kiki moja tu ikashika, na stata nayo inaitika. Fundi, Dada, na wote, asanteni sana. Kuna cha kupima kingine kabla sijaingia barabarani?

FundiUmeme (Masasi)

Chaji. Umepiga stata mara nyingi siku hizi, betri imepungua, na hatujui kama inarudishiwa. Mita kwenye vichwa vya betri, injini inanguruma polepole: isome 13 au zaidi kidogo. Ongeza mafuta mpaka mwendo wa kati: ipande hadi kati ya 13.8 na 14.5. Washa taa kubwa, isishuke chini ya 13. Ikivuka 15, regulata imekufa na itaichemsha hiyo betri mpya. Ikibaki 12 na kitu hata ukiongeza mafuta, tazama kwanza soketi ya regulata, mara nyingi tundu moja limeungua na kuyeyuka, kisha ndipo upime koili za chaji. Injini ikiwa inawaka usitoe waya ya betri hata sekunde moja, volti zinaruka juu na zinaweza kuondoka na CDI tuliyoihangaikia.

Mwisho, zima kila kitu, toa kichwa hasi, geuza mita kwenye miliampea na uiweke kati ya kichwa hicho na waya yake. Usifungue funguo wala kugusa stata mita ikiwa hapo, fyuzi yake itakatika. Isome sifuri au miliampea chache sana. Ukikuta 50, kitu kinakunywa usiku kucha, na betri ya 9Ah itaisha kabisa kwa wiki moja na kidogo. Kwenye pikipiki zenye redio na taa za urembo, huwa zimeungwa moja kwa moja kwenye betri. Zihamishie kwenye waya inayopita funguo, na ziwe na fyuzi yake.

MwanaBandari (Mikindani)

Polepole 13.2, mwendo wa kati 14.2, na taa kubwa 13.7. Miliampea inasoma 0. Redio sina.

Dada Spea (Lindi)

Hapo ni salama. Ile bolti ya ethi itazame tena kabla ya masika, na ukiwa na nafasi uweke waya ya pili ndogo kutoka kichwa hasi moja kwa moja hadi kwenye ethi ya kifungu cha nyaya, milimita za mraba 1.5 inatosha. Siku waya nene ikilegea, kiki bado itawasha.